Tafakari ya juma: Waacheni wanandoa wapya wacheke



Wapendwa taifa la Mungu, katika ukanda wetu huu wa Ngana na Kyela yote, mpunga ukishaingia ndani, matangazo ya ndoa huongezeka kanisani. Majina husomwa juma baada ya juma, kamati huundwa, kadi za michango husambazwa, na hatimaye Jumamosi moja kengele hulia, vigelegele hupanda, na watu wawili hutoka mlangoni mwa kanisa wakiwa mume na mke. Jumatatu yake sisi tumekwisha kurudi mashambani na ofisini. Wao wamebaki katika nyumba ya kupanga, chumba kimoja na sebule, pamoja na kitanda, meza, majiko mawili ya zawadi na vikombe visivyohesabika. Siku hizo zinazofuata, ambazo hakuna mpiga picha anayeziitwa, ndizo ninazotaka tuzitafakari juma hili.

Lililonisukuma kuandika ni lawama. Waamini wawili wenye heshima zao walinijia baada ya Misa ya asubuhi, wakaeleza habari za mume na mke vijana wanaopanga jirani nao. Ndoa yenyewe haijatimiza mwaka. Kijana anaporudi kazini jioni, walisema, mke hutandika mkeka mlangoni, ubao wa drafti huletwa, visoda vya rangi moja hupangwa upande huu na vya rangi nyingine upande ule, na atakayefungwa ndiye atakayeosha vyombo. Hucheka hadi wapangaji wa upande wa pili wa korido huwasikia. Jumamosi nyingine hupanda baiskeli moja, wakaenda sokoni kununua usipa, wakarudi jua linapozama, ilhali safari hiyo mtu mmoja angeimaliza kwa muda mfupi tu. Kiwanja hawajanunua. Wazazi kijijini wanasubiri bati. Katika mikutano ya Jumuiya wamekosekana mara mbili. Mmoja wa wazee wale akahitimisha kwa kusema: "Baba Paroko, tuwaambie watoto hawa kwamba ndoa si mchezo."

Neno hilo nimelitafakari kwa siku kadhaa. Ni kweli kwamba ndoa si mchezo, endapo maana yake ni kuwa ndoa si jambo la kujaribu leo na kuliacha kesho. Kanisa limelifundisha hilo daima, nami nalihubiri. Lakini ikiwa maana yake ni kwamba ndani ya ndoa mchezo hauna mahali, hapo, kwa heshima zote, sikubaliani na wazee wangu; na shahidi wangu wa kwanza ni Isaka, mwana wa Abrahamu.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, chatusimulia kwamba njaa iliingia katika nchi, Isaka akahamia Gerari, mji wa Abimeleki mfalme wa Wafilisti. Huko alikuwa mgeni, kama mpangaji wa leo alivyo mgeni katika mji asikozaliwa. Akiogopa kuuawa kwa sababu ya uzuri wa Rebeka, aliwaambia wenyeji kwamba yule ni dada yake. Siku nyingi zikapita na watu wakaamini. Kisha siku moja Abimeleki akachungulia dirishani, akamwona Isaka akicheza na Rebeka. Na papo hapo akajua kwamba wale ni mume na mke. Hakuonyeshwa cheti, wala hakuitwa shahidi yeyote. Seminarini tulifundishwa kwamba neno la Kiebrania lililotumika hapo latoka katika shina lile lile la jina la Isaka, shina lenye maana ya kucheka. Wafafanuzi wa Maandiko hukubali kwamba katika mchezo ule yalikuwamo mapenzi ya mume na mke, ndiyo maana mfalme alielewa bila kuambiwa. Mtoto aliyepewa jina la kicheko, kwa kuwa mama yake Sara alicheka, sasa amekuwa mtu mzima. Naye bado anacheka, safari hii pamoja na mkewe, katika mji wa ugenini.

Tena tuangalie alichokifanya yule jirani aliyechungulia. Alimkemea Isaka kwa uongo wake, na alistahili kukemewa. Lakini mchezo wenyewe hakuukemea. Aliwaamuru watu wake wote kwamba yeyote asimguse mtu huyu wala mkewe. Mfalme asiyemjua Mungu wa Abrahamu aliona furaha ya mume na mke kupitia dirishani, akaona kuwa wajibu wake ni kuilinda. Wazee wangu nao wamechungulia, wakaona jambo lile lile. Ombi langu ni kwamba wafikie uamuzi ule ule.

Shahidi wa pili ni Sheria ya Musa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aya ya 5, imeamriwa kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asiende vitani, wala asipewe shughuli yoyote ya umma. Abaki huru nyumbani mwake muda wa mwaka mmoja, amfurahishe mke aliyemtwaa. Tuipime amri hiyo kwa uzito wake. Israeli lilikuwa taifa dogo lililozungukwa na adui, na kila mkuki ulihitajika. Hata hivyo Sheria ilimwondoa kijana jeshini mwaka mzima, na sababu iliyotolewa haikuwa mavuno, wala nyumba ya kujenga, wala deni la kulipa. Sababu iliyoandikwa ni furaha ya mke. Furaha hiyo ilihesabiwa kuwa kazi ya mwaka mmoja, kazi yenye thamani ya askari mmoja.

Kuna atakayesema kwamba hayo ni ya Waebrania, na kwamba sisi wa kando ya Ziwa Nyasa tunazo desturi zetu, zinazomtaka mtu aliyeoa awe mzito. Basi na tuzitazame desturi hizo. Kati ya mwaka 1934 na 1938 walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wataalamu wawili wa mila na jamii, Godfrey Wilson na mkewe Monica. Walioana mwaka 1935, hivyo hata wao miaka ya mwanzo ya ndoa yao waliipitisha katika nchi hii ya migomba. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu juu ya vijiji vya Wanyakyusa, akakiita Good Company. Jina hilo lilikuwa jaribio lake la kufasiri neno ambalo wazee wa huku hawahitaji kufafanuliwa, yaani ukwangala.

Ukwangala, kwa jinsi alivyoueleza, ni furaha ya kukaa pamoja: kuzungumza, kula na kunywa kwa pamoja, kusaidiana, na kupata adabu na hekima kwa njia ya mazungumzo hayo. Haukuwa starehe ya pembeni baada ya kazi kwisha. Ulihesabiwa miongoni mwa mambo yanayomfanya mtu awe mtu, na aliyependa kula peke yake alitiliwa shaka. Hata vijiji vilijengwa kwa namna ya kuuwezesha. Wavulana wa umri wa miaka 10 au 11 waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji. Waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kwa makundi, lakini walilala kwao. Walipokua, kila mmoja alimleta mke katika kijiji hicho hicho cha rika lake. Sababu mojawapo ilikuwa heshima, kwa kuwa mke wa mwana alipaswa kujitenga kabisa na baba mkwe wake, asikutane naye uso kwa uso, na hivyo haikufaa wakae pamoja. Matokeo yake bibi harusi hakujikuta chini ya macho ya wakwe kila saa, wala hakujikuta mpweke. Alijikuta katika kijiji cha vijana, ambamo majirani ama walikuwa wameoa juzi, ama walikuwa wakijiandaa kuoa.

Vijiji vya namna hiyo vimekwisha. Mahali pake pamechukuliwa na nyumba ya kupanga. Vijana wetu wakishafunga ndoa huhamia Kyela mjini, au Kasumulu mpakani, au Uyole na Mwanjelwa kule Mbeya, na wengine hufika hadi Dar es Salaam. Wachache hupata fleti katika majengo ya ghorofa, kama yale ya Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa mwaka 1962. Wengi huangukia katika nyumba ile tunayoijua sote: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani bomba na choo cha wote. Kila chumba kina kufuli lake. Humo utamkuta mama auzaye vitumbua, dereva wa lori asiyelala hapo zaidi ya mara mbili kwa juma, na wanafunzi wanne waliochangia kodi. Hawakuchaguana, wala si rika moja. Hukutana kwenye zamu ya kufagia uwanja na kwenye ugomvi wa LUKU, kwa sababu mita ni moja na kila mmoja ana hakika kwamba umeme unamalizwa na pasi ya jirani. Kodi hutakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, na mara nyingi hutakiwa wakati ule ule ambapo mpishi wa harusi naye anadai salio lake.

Zaidi ya hayo, chumba chenyewe huleta maswali ambayo kijiji cha rika kilikwisha kuyajibu. Mama akija kutoka Ngana kuwasalimia, atalala wapi? Baba mkwe akija, yule ambaye kwa desturi mke wa mwanawe hakupaswa hata kumtazama, ataketi wapi endapo pazia la chumbani ndilo ukuta pekee? Bibi harusi aliyezoea uwanja mpana, migomba na sauti za dada zake atafanya nini kuanzia saa mbili asubuhi hadi mume arudi jioni? Haya si mambo madogo. Katika ndoa changa ninazozisikiliza, mara nyingi chumba huwachosha watu kabla dhambi yoyote kubwa haijabisha hodi. Mume huanza kuchelewa kurudi kwa sababu ndani kuna joto na kimya. Mke huanza kulalamika kwa sababu siku nzima hakuzungumza na mtu. Hakuna aliyekosa, lakini wote wawili wamechoka.

Kwa mtazamo huo, mkeka ule wa mlangoni unaonekana kwa sura nyingine. Vijana wale, bila ya kusoma kitabu chochote, wameanzisha ukwangala wa watu wawili mahali ambapo kijiji cha rika hakipo tena. Naamini kwamba hapo Injili inaikamilisha desturi ya wazee wetu pasipo kuifuta. Ukwangala wa zamani ulikuwa hasa wa wanaume kwa wanaume. Mke hakuhesabiwa kuwa mshiriki wa mazungumzo yale kwa kiwango kile kile. Kumbe lugha yetu ya Kiswahili yenyewe inatufundisha zaidi. Tunasema "mwenzi wa ndoa", na huyo huyo mtu humwita mwenzake "mwenzangu", neno tunalolitumia kwa rafiki tuliyeketi naye, tuliyesoma naye, tuliyesafiri naye. Mume na mke ni wenzi kabla hawajawa wazazi, wakulima wa shamba moja au wadeni wa benki moja. Urafiki huo usipopata muda katika mwaka wa kwanza, utaupata lini? Akija mtoto wa kwanza, kisha wa pili, kisha ada za shule, hakuna atakayewapa tena jioni nzima.

Wasomaji wengine watashangaa kwamba paroko anautetea mchezo. Lakini huu si uzushi wangu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu ambaye hakuna awezaye kumshuku kwa uvivu, analijadili jambo hili katika Summa yake, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 168. Anauliza kama yaweza kuwepo fadhila katika michezo, naye anajibu kuwa ipo. Roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko la roho ni furaha. Anasimulia habari iliyopokewa kutoka kwa wazee wa jangwani, kwamba watu fulani walikwazika walipomkuta Mtakatifu Yohane Mwinjili akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwomba mmoja wao, aliyebeba upinde, arushe mshale, kisha arushe tena na tena. Akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kikomo. Yule mtu akajibu kuwa upinde ungevunjika. Roho ya binadamu nayo, Yohane akasema, huvunjika endapo haitalegezwa kamwe. Tomaso anaendelea mbele zaidi, akifundisha kwamba mtu asiyependa kabisa mchezo wala mzaha, na tena akawa mzigo kwa wengine wanaocheza, huyo naye ana kasoro. Kwa hiyo uzito wa uso si lazima uwe dalili ya utakatifu.

Hata hivyo Tomaso huyo huyo anaweka mipaka, nami sitaki kuwadanganya wanandoa vijana kwamba kila burudani ni baraka. Anasema mchezo usiwe na maneno wala matendo ya aibu, usimfanye mtu apoteze kiasi, na uendane na watu, mahali na wakati. Katika mazingira yetu naongeza kipimo kimoja chepesi: je, burudani hiyo inawaleta pamoja, au inamchukua mmoja na kumwacha mwingine? Kijana anayekwenda kila jioni kwenye kibanda umiza kutazama ligi ya Uingereza, akarudi saa tano usiku, ametazama mpira ambao mkewe hakualikwa kuutazama. Anayebeti kwa simu, akiweka fedha ya unga ili apate ya kiwanja, hachezi tena, amechezewa. Na wapo wanaoketi kitanda kimoja, kila mmoja na simu yake, huyu na tamthilia yake na yule na makundi yake ya WhatsApp, hadi usingizi uwachukue bila ya neno. Chumba cha namna hiyo kina utulivu, lakini kina wapangaji wawili wasiofahamiana.

Burudani njema za wanandoa wapya si ghali. Drafti kwa visoda haigharimu kitu. Kupika mbalaga pamoja siku ya mapumziko, mmoja akimenya ndizi na mwingine akichochea moto, ni burudani na ni chakula. Kupanda maua katika makopo na kuyapanga dirishani ni namna ya kukiambia chumba cha mwenye nyumba kwamba kwa sasa hapa ni kwetu. Wanaoweza kukusanya nauli mara moja kwa mwaka na wafike Matema, waione milima ya Livingstone ikiingia ziwani, wapitie soko la Lyulilo siku ya Jumamosi na kununua chungu kimoja cha Wakisi wa Ikombe. Chungu hicho kitawakumbusha safari yao miaka mingi baada ya vikombe vya zawadi kuvunjika. Kuimba kwaya pamoja, kusikiliza redio pamoja, kutembea jioni barabarani mvua ikikatika, hayo yote ni mali ya maskini ambayo hakuna mdai awezaye kuikamata.

Hayati Papa Fransisko, aliyefariki mwezi Aprili 2025, aliliona jambo hili kwa macho ya mchungaji. Katika wosia wake Amoris Laetitia, yaani Furaha ya Upendo, wa mwaka 2016, aliwashauri wanandoa vijana wajijengee mazoea madogo ya kila siku: kusalimiana asubuhi kwa upendo, kubarikiana jioni, kumngoja anayerudi na kumpokea, kusafiri pamoja, kugawana kazi za nyumbani. Tukisoma orodha hiyo tukiwa Ngana, tutaona kwamba haina kitu kisichowezekana ndani ya chumba na sebule. Papa hakungoja watu wapate nyumba kubwa ndipo awaruhusu kufurahi.

Sasa niyarudie malalamiko ya wazee wangu, kwa kuwa si ya kupuuzwa. Kuhusu kiwanja, ni vema vijana waweke akiba kidogo kila mwezi, na wakubaliane kiasi hicho wakiwa wawili. Lakini tusiwadai msingi wa nyumba kabla hawajaweka msingi wa ndoa. Kuhusu bati la wazazi, amri ya nne ya Mungu haikomi siku ya harusi. Mume na mke wapange pamoja watakachopeleka nyumbani kwa pande zote mbili, kwa uwazi, ili mmoja asigundue kwa bahati mbaya kwamba fedha zimekwenda kijijini kwa siri. Kuhusu Jumuiya, wazee wana haki kwa sehemu kubwa. Mwanandoa mpya anaihitaji sala ya pamoja, na nyumba njema si mlango. Wale wanaojifungia ndani kila siku, hata kama wanacheka, watajikuta hawana wa kumwita usiku mmoja akiugua. Nawashauri vijana wale siku moja kwa juma mkeka wao uwe wa wapangaji wote, na mtoto wa jirani afundishwe drafti.

Lakini hapo ndipo nasi tunapopaswa kujihoji, kwa sababu deni kubwa zaidi liko upande wetu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1063, inawataka wachungaji wahakikishe kwamba jumuiya yao ya waamini inaisaidia ndoa kwa njia nne: mafundisho kwa wote, maandalizi ya wachumba, adhimisho lenye matunda, na msaada kwa wale ambao wamekwisha kuoana. Tatu za kwanza tunazitimiza kadiri ya nguvu zetu, hasa ile ya tatu, ambayo tumeiongezea ukumbi, muziki na magari yaliyopambwa. Ya nne hatujaiwekea hata kamati. Mwaka 2022 Idara ya Vatikano inayoshughulikia Walei, Familia na Maisha ilitoa mwongozo wa malezi ya ndoa kwa mfano wa ukatekumeni, nao unataka uandamani uendelee katika miaka ya kwanza baada ya harusi. Na sisi wa Afrika Mashariki hatuna udhuru, maana tangu mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kipaumbele katika uchungaji. Chombo tunacho. Tumekitumia zaidi kukusanya michango.

Kwa hiyo naleta mapendekezo, ili Jumuiya zetu ziyajadili.

Kwanza, kila kamati ya harusi ipunguze sahani na vinywaji, na fedha itakayookolewa ilipe kodi ya miezi sita ya wanandoa. Tunaokula pilau kwa jioni moja hatutakufa kwa kukosa kipande cha pili cha nyama, lakini wao watalala miezi sita bila ya kumwogopa mwenye nyumba.

Pili, Jumuiya isimpe mwanandoa mpya uongozi wowote, wala isimpangie kazi za kamati, kwa muda wa mwaka mmoja. Aje kusali, ale nasi, arudi nyumbani. Musa alimwachilia mtu vita. Sisi tunashindwa kumwachilia uweka hazina?

Tatu, wasimamizi wa ndoa wakumbuke kwamba kazi yao haikwishi baada ya kutia sahihi na kupigwa picha. Wafike pale nyumbani mara moja kila baada ya miezi miwili au mitatu, kwa taarifa, wakiwa na mkungu wa ndizi au kilo mbili za mchele, na wasiende kukagua. Wakae, wacheke nao, wawasimulie jinsi wao wenyewe walivyogombana mwaka wao wa kwanza.

Nne, wazazi na wakwe wapige simu kabla ya kufika, na wakubali kulala kwa ndugu mwenye nafasi zaidi. Hakuna aliyefukuzwa hapo. Ni heshima ile ile ya mababu, waliotenga vijiji vizima ili vijana wapate faragha.

Tano, tuache swali tunaloliuliza sote kuanzia mwezi wa tatu, "Vipi, bado tu?" Mtoto ni zawadi ya Mungu na huja kwa saa yake. Swali hilo huingia chumbani pamoja na wanandoa, likaketi katikati yao, na pale lilipo kicheko hunyamaza. Kwa wale ambao mtoto anachelewa, huwa ni kisu.

Ndugu zangu, wengi wetu tunazisikitikia ndoa zinazovunjika, na tunayo maelezo mengi: utandawazi, ukosefu wa maadili, vijana wa siku hizi. Ni mara chache tunajiuliza kama tuliwapa vijana hao nafasi ya kupendana kabla ya kuwatwika mizigo. Ndoa iliyokwisha kuonja furaha ya kukaa pamoja ina mahali pa kurudi mambo yanapokuwa magumu. Mume na mke hukumbuka walivyokuwa, wakasema tulipaweza pale, tutapaweza tena. Ndoa ambayo mwaka wake wa kwanza uliliwa na madeni, vikao na macho ya watu, itakumbuka nini?

Basi jirani yako aliyeoa juzi akicheka usiku ukasikia, usigonge ukuta. Mshukuru Mungu kwamba katika nyumba hiyo kuna Isaka na Rebeka, uwaombee, kisha ulale.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zote changa za parokia yetu, azilinde zile zilizochoka, na awajalie wajane na wagane faraja ya kumbukumbu njema. Nawatakieni juma lenye amani.

Padre wenu katika Kristo.